Sista wa Wodi ya Watoto Njiti

Kabla hajaitikia salamu yako, Sista alikuwa ameshakunusa mkono. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa wodi ya watoto njiti, mrefu, mkavu, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka linakwaruza, nasi manesi wanafunzi tukipita mbele yake mmoja mmoja. Alikushika kifundo cha mkono, akakivuta kiganja mpaka puani, akafumba macho. Ukinuka sabuni na spiriti, unapita. Ukinuka kitu kingine, anauachia mkono wako kama anayetupa kitambaa kichafu.

"Changu," alimwambia mwenzetu mmoja. "Changu wa kukaanga. Umekula jana na leo unataka kumshika mtoto wa watu? Kanawe mpaka samaki arudi baharini."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Yule mwenzetu alinawa mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, akarudi, akanuswa, akarudishwa tena.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa tulikotoka: Newala, Masasi, Nanyamba. Mimi ni Somoe, binti wa watu wa Mikindani, na kwa muda wote niliofanya kazi chini yake niliitwa Mikindani, kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Yeye alikuwa mtu wa kaskazini, Mkristo, aliyeletwa Mtwara na kazi ya serikali pamoja na mumewe, karani wa bandarini. Wanawake wa vijijini waliposikia anaitwa Sista walidhani ni mtawa, wakawa wanashangaa kumwona mwanamume anamsubiri getini na baiskeli. Huyo mwanamume naye alikuwa akinuswa mikono. Tuliona kwa macho yetu.

Ili mtu amwelewe Sista ni lazima aielewe kazi yenyewe. Mtoto njiti hana nguvu ya kunyonya. Maji na dawa vinapaswa kuingia kwenye damu, na mshipa ulio rahisi kuupata ni ule wa kitovu, siku za mwanzo kabla hakijakauka. Daktari anapenyeza mrija mwembamba hapo, anaufunga kwa uzi na plasta, na mtoto anaishi kwa mrija huo. Lakini palipopita mrija na kijidudu hupita. Ngozi isiposafishwa barabara kwanza, kwa spiriti au kwa aidini, baada ya muda utaona wekundu, kisha usaha, kisha mtoto anapoa mkononi mwako huku mama yake anamtengenezea kofia ya sufu. Sista alikuwa amewaona wengi wakipoa hivyo kabla hajakabidhiwa wodi. Alipokabidhiwa, alifanya kusafisha ngozi kuwa dini yake ya pili, na tofauti na ile ya kwanza, katika hii hakusamehe mtu.

"Huruma haiui vijidudu," alikuwa akisema. Mama akilia nje ya kioo, akiomba amshike mwanawe mara moja tu, Sista alilisema hilo bila kugeuka. Nesi akisita kumsugua mtoto anayelia, alilisema hilo na kumpiga kofi la mgongo wa mkono.

Usidhani alikuwa mkali kwa wanyonge tu. Siku moja alikuja mkubwa mmoja wa chama kumwona mjukuu wake, amevaa suti ya Kichina na viatu vya vumbi, wapambe wawili nyuma. Akafika mlangoni, akainua mkono. "Kidumu Chama!"

"Kidumu," Sista akajibu, "lakini kidumu nje mpaka uvue viatu."

Tulitazama sakafuni. Miaka ile ya ujamaa mtu alipelekwa mbali kwa maneno madogo kuliko hayo. Yule mkubwa alivua viatu, akanawa, akanuswa, akaingia na soksi zake zilizotoboka kidole, na wapambe wakabaki barazani wakivishika vile viatu. Habari hiyo ilizunguka mji mzima hadi Mikindani sokoni. Watu walimpenda kwa ajili yake. Mimi pia, kwa siku hiyo, nilimpenda.

Halafu palikuwa na bibi mmoja wa Kimakonde, mwenye ndonya, kile kigingi cha mdomo wa juu, aliyekuja na binti yake kutoka huko kwenye mashamba ya mihogo. Mjukuu wake alikuwa na mrija. Yule bibi, kwa mapenzi yake, alipenya wodini wakati wa kubadilishana zamu na kumpaka mtoto masizi ya chungu kitovuni, kama walivyofanya mama zake na bibi zake. Sista alimkuta kidole kikiwa bado cheusi.

Hakupiga kelele. Alimuuliza kwa upole, "Mama, hii ni nini?"

"Dawa, mwanangu. Inakausha."

"Dawa nzuri?"

"Nzuri sana."

"Basi uile."

Bibi akacheka, akidhani ni utani. Sista akakishika kile kidole cheusi, akakipeleka mdomoni mwa yule mzee, chini ya ndonya, mbele ya binti yake, mbele ya wodi nzima. "Kama inamfaa yeye mwenye damu ya siku mbili, wewe mwenye meno itakudhuru nini? Uile." Bibi akala. Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndonya, naye akameza.

Kisha Sista akamsafisha mtoto mwenyewe, kwa saa nzima, akiyatoa masizi yale chembe kwa chembe, na mtoto alipona. Msimu wa korosho ulipofika, yule bibi alirudi kwa miguu na kikapu cha korosho zilizobanguliwa, akakiweka miguuni pa Sista. Sista alikipokea. Hakumpa kiti wala maji. Akamwambia, "Safari nyingine acha masizi nyumbani," akaingia ndani. Tulimwona kupitia kioo akizila zile korosho polepole, amegeukia ukutani.

Nawaambia haya ili msije mkasema namchora shetani. Nilimwona akiweka mikono yake kwapani, akisimama hivyo muda mrefu kama mtu anayehisi baridi, na kumbe anaipasha moto kabla hajamgusa mtoto mdogo kuliko mkate. Nilimsikia akizungumza nao kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya chini ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuambiwa. Alipokata gozi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, aliimba nyimbo za kanisani, na aliimba vibaya. Mtoto akifa, alimwosha yeye mwenyewe, hakumwachia mhudumu. Kisha anatoka na kumwambia mama, "Amekufa. Usikae hapo, unaziba njia." Kwa pumzi moja.

Ilikuwa miaka ya upungufu. Sabuni ilipatikana kwa foleni na pamba kwa bahati. Sista aliigawa pamba kama mtu anayegawa nyama ya sadaka. Na hapo ndipo alipoanza ile desturi yake ya kumimina. Badala ya kulowanisha pamba kwenye spiriti na kuifuta ngozi, ambako pamba inakwisha, alishika chupa na kuimimina spiriti moja kwa moja tumboni mwa mtoto, akaisambaza kwa kipande kimoja tu cha gozi. "Chupa tunayo, pamba hatuna," alisema. Kwa watoto waliokaribia kutimiza miezi tisa haikuleta neno.

Siku hiyo aliletwa mtoto njiti wa kiume wa mama mmoja kutoka upande wa Madimba, aitwaye Zainabu, uzazi wake wa kwanza. Mtoto alikuwa mwekundu, ngozi yake ikionyesha mishipa kama karatasi iliyolowa mafuta. Daktari alikuwa mgeni wa mkataba, Kiswahili chake cha salamu tu. Alikuwa sinkini anavaa glavu, ametupa mgongo. Mimi nilishika miguu ya mtoto. Newala alishika taa. Sista alishika chupa, akamimina.

Spiriti ilitiririka mbavuni, ikaingia chini. Niliona kitambaa alichokuwa amelalia mtoto kinalowa.

"Sista, kitambaa kimelowa," nikasema.

"Shika miguu."

Daktari akageuka, akapenyeza mrija, kazi ikaenda vizuri, mtoto akafunikwa. Hakuna aliyeruhusiwa kumgeuza kwa sababu ya mrija. Alasiri, zamu ya kubadilisha vitambaa iliponifikia, nilimwinua kidogo. Kitambaa kilikuja na ngozi. Mgongo wote, kuanzia mabega hadi matakoni, ulikuwa kama nyanya iliyomenywa.

Nilimwita Sista. Alikuja, akatazama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake ikikatika. Akaweka mkono kinywani, akautoa. Kisha akageuka, na sura yake ilikuwa imeshafunga kama mlango.

"Nani alimwandaa huyu mtoto?"

Nilidhani anauliza kwa mshtuko. "Sista, ulikuwa ni wewe—"

"Mikindani," akasema kwa sauti ya kusikika barazani, "umemmiminia mtoto wa watu spiriti kama unaosha karai?"

Ofisini kwa mganga mkuu nilisema nilichokiona. Nilikisema mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nikilia. Sista aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila hasira, "Hata uongo hajui kuupanga, maskini." Daktari mgeni aliulizwa, alikuwa ametupa mgongo. Newala aliulizwa. Newala alitazama viatu vyake na kusema taa ilikuwa inamwakia machoni, hakuona.

Mganga mkuu alipima: upande mmoja Sista, ambaye wodi yake ilisifiwa hadi wizarani kwa kutokuwa na usaha, upande wa pili mwanafunzi kutoka Mikindani. Nilifutwa chuoni kabla ya mtihani wa mwisho, nikapewa nafasi ya kuwa mhudumu wa zahanati katika kijiji kipya cha ujamaa. Nikaambiwa nishukuru, maana ningeweza kufungwa.

Na kijiji hicho, kwa bahati ya kazi za makaratasi, kilikuwa upande wa Madimba, kwenye njia ya kuteremkia Ruvuma inakokutana na bahari. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, nyumba zimepangwa kwa mstari. Katika mstari wa pili alikaa Zainabu.

Mtoto wake aliishi. Hilo niliseme wazi. Nilimwona akitambaa, kisha akikimbia, mgongo wake una kovu linalong'aa kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Siku ya kwanza Zainabu aliponiona mlangoni mwa zahanati alitua ndoo yake, akanitazama mpaka akanitambua, akatema mate kati yangu na yeye.

"Huyo," aliwaambia wenzake kisimani. "Huyo ndiye aliyemuunguza mwanangu."

Nilimfuata nyumbani kwake, nikaketi chini, nikamwambia, "Dada, si mimi. Naapa. Chupa aliishika Sista."

"Sista?" Zainabu alicheka kwa uchungu. "Sista alilia aliponieleza ulivyofanya. Alinishika mikono akalia, machozi yalimwagika hapa, kwenye khanga yangu. Wewe umelia lini?"

Nilirudi nikalala kitandani mchana kutwa. Nayaamini yale machozi mpaka leo. Alilia kweli, kwa ajili ya kitu alichokifanya kweli, huku akimwambia yule mwanamke uongo, na mwanamke akachukua vyote viwili pamoja. Uongo mtupu ningeweza kupambana nao. Uongo uliooshwa kwa machozi ya haki sikuuweza.

Wanawake wa mstari wa pili waliacha kuja zahanati. Kisha wa mstari wa tatu. Walizalia nyumbani, wakakata vitovu kwa walichokuwa nacho. Zainabu alizaa tena, mtoto wa kike, mzima, mnene. Baada ya siku chache niliwaona wanapita barabarani asubuhi, Zainabu na mama yake, mtoto amefunikwa, na harufu nikaipata kabla sijamwona: kitovu kilichooza. Nilitoka mbio na sindano ya penisilini na chupa ya aidini mkononi. Kosa langu lilikuwa kutoka na chupa.

Zainabu aliiona ile chupa akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Mgongo wa yule haujakutosha? Unataka na tumbo la huyu?"

"Zainabu, hatafika mjini. Hanyonyi, sivyo? Tumbo limekaza. Nipe nimchome sindano tu, simpaki kitu."

Mama yake alisimama kati yetu. "Nesi, tuache tupite," akasema, si kwa ukali. "Tumekuomba."

Walikwenda kusubiri lori la korosho njiapanda ili wampeleke mjini kwa Sista. Kwa Sista, nasema. Lori halikuja mpaka jua limeinama. Walirudi kwa miguu, wakapita tena mbele ya mlango wangu, mama yake Zainabu akiwa amebeba kifurushi kilichofungwa mpaka usoni, Zainabu akitembea nyuma, na hawakugeuza shingo.

Huko hospitali nako mambo yalikwenda, tena yalikwenda vizuri. Tangu siku ile Sista hakumimina tena. Alikwenda kupigania pamba wizarani mpaka akaletewa. Aliwafundisha manesi kuikamua pamba isidondoke hata tone, kuanzia kitovuni kwenda nje, kuacha ngozi ikauke yenyewe, kisha kutoa kitambaa cha chini na kuweka kikavu. Hakuna mtoto mwingine aliyeungua katika wodi ile. Somo hilo alilifundisha kwa jina langu. "Msifanye Kimikindani," aliwaambia. Neno likashika. Nesi mmoja kijana aliyepangiwa zahanati yetu baadaye alinitahadharisha nisimimine dawa Kimikindani, nikamuuliza maana yake, akanieleza kisa chote, cha nesi mmoja mvivu, bila kujua anamweleza nani. Nilimpikia chai.

Miaka ilipita. Vijiji vikabadilika, duka la ushirika likafungwa, nami nikasoma tena kwa taabu, nikapata cheti, nikastaafu nikiwa mkunga. Nikasikia msibani kwamba Sista amepigwa na kiharusi, yuko kwa mwanawe mtaa wa Mtawanya, hainuki. Kwetu mgonjwa hukaguliwa hata akiwa adui. Nilikwenda alasiri moja.

Mkwewe alinifungulia, nikajitambulisha kuwa mstaafu wa hospitali, akafurahi, akasema anakimbia sokoni mara moja, nikae na mama. Sista alikuwa kitandani karibu na dirisha, mwembamba, kichwa kizima. Pembeni alikaa mjukuu wake, Neema, mwanafunzi wa uuguzi, akimkata bibi yake kucha. Sista hakunitambua. Akapata hadhira, akaanza kusimulia. Ilikuwa hadithi ya mtoto njiti na nesi aliyemimina.

Aliisimulia vizuri sana. Mgongo kama nyanya. Ofisi ya mganga mkuu. Neema alikuwa ameshaisikia, maana midomo yake ilikuwa ikimfuatisha.

"Na huyo nesi aliishia wapi, Bibi?" akauliza.

"Sijui. Watu wa namna ile hawafiki mbali."

"Nilifika Madimba," nikasema. "Ni mimi, Sista."

Neema aliacha kukata. Sista alinigeukia, akanipitisha macho kutoka utosini hadi kwenye kandambili zangu, akarudi juu.

"Umenenepa," akasema.

"Na chupa uliishika wewe."

Nilingoja akane. Miaka yote nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake. "Niliishika mimi," akasema. "Unadhani nimesahau? Kiharusi kimechukua mguu, hakijachukua kichwa. Ningesema ni mimi wangeniondoa, na wodi wangempa nani? Newala? Watoto wangekufa kwa usaha kama kuku kwa mdondo. Wewe ulikuwa mtu mmoja."

"Palikuwa na mtoto mwingine." Nikamweleza habari za Zainabu, binti yake, kitovu kilichooza, lori la korosho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Huyo ni wa mama yake," akasema. "Alipita mlango wa zahanati kwa miguu yake mwenyewe."

Neema alikuwa amesimama. "Bibi, umenifundisha mimi kile kisa. Nimekisimulia darasani."

"Nimekufundisha usimimine. Utamimina? Hutamimina. Uongo uko wapi hapo? Acha kunikodolea macho, njoo unigeuze, ubavu unaniwaka."

Neema aliuweka wembe mezani. Akachukua mkoba wake kwenye msumari, akatoka. Tulisikia geti la mabati likifunguka, kisha likijibamiza.

Sista akanigeukia. "Basi nigeuze wewe," akasema.

"Niombe," nikamwambia.

Akaubana mdomo. Nami nikakivuta kiti nikakaa. Jua la alasiri liliingia dirishani likampiga usoni. Alifumba macho, jasho likamtoka kwenye mvi, mkono wake mzima ukakamata shuka na kuiachia, ukakamata tena. Hakuomba. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, mpaka mkwewe aliporudi na kikapu chake, akaniona nimetulia kando ya kitanda, akanishukuru sana kwa kumwangalia mama.